Ulimwengu Ambao Baba Yako Hakuanguka

Mwanangu Kalunde,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Yako naijua. Mchana umekula ugali kwa mlenda, ukaongeza, ukasema ndio wa mwisho mpaka Krismasi, halafu ukajitanda kanga yangu mpya bila kuomba na kwenda Cheyo kuwaaga shangazi zako. Kwa hiyo hujambo. Mimi nami sijambo, na leo nasema kweli, maana kuna miezi mizima nilikuwa najibu hivyo kwa mazoea tu.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, shuka za kufua wala vijana wa Dar es Salaam wenye maneno matamu. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Barua hii nitaificha kwenye begi chini ya karanga, maana najua karanga ndizo utakazozifuata kwanza treni ikianza kutembea. Ninachotaka ni kimoja: usiondoke Tabora ukidhani mama yako bado anakuona umepotea. Tumeshapatana, ndiyo, na tumecheka. Lakini nilikutangaza mbele ya kanisa zima, na radhi nilikuomba jikoni, tukiwa wawili na sufuria. Naona mizani haijakaa sawa, kwa hiyo nimechukua kalamu kabla hujarudi.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa unanisaidia kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, nami nilitoka kidogo kutafuta chaki. Niliporudi nilikuta wametulia kama maji mtungini, jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ukatekista sijawahi kulipata. Ulikuwa unawaambia kwamba kuna wataalamu wa fizikia wanaofikiri ulimwengu huu, pamoja na nyota zake zote, huenda hauko peke yake. Kwamba huenda upo mwingine, na mwingine tena, wala watu wa huku hawawezi kufika kule. Moyoni nikasema, huyu mtoto kajaliwa kufundisha. Sikukuambia, na lile ndilo nililopaswa kukuambia kwanza.

Jioni ile ile baba wa mtoto mmoja akanijia mlangoni, uso ameukunja. Mwanawe amegoma kula mpaka ajibiwe.

"Mama Katekista, sisi tunaleta watoto wafundishwe sala," akaniambia. "Huyu wangu ananiuliza kama kule kwingine kuna Bikira Maria wake. Ananiuliza Yesu wa kule naye alisulubiwa, au watu wa kule walikuwa na adabu. Mimi nimjibu nini?"

Hasira isiyo na jibu ni lazima itafute mtu wa kumwangukia. Ulikuwa umekaa kibarazani unachambua mchele. Nilisema yote niliyosema. Ukaniacha nimalize, kisha ukasema taratibu, "Mama, sikuwaambia ni kweli. Nimewaambia huenda." Ningekuwa na busara ningeishia hapo. Nikaendelea kufoka, nawe bila kuinua macho kwenye ungo ukasema, "Wengine wanasema kila linalowezekana hutokea, mahali fulani. Kama ni hivyo, basi kuna ulimwengu ambao baba hakuanguka."

Nilikujibu usinitajie baba yako kwenye uchawi wako. Uchawi! Mtoto aliyefaulu fizikia kuliko wavulana wa darasa lake zima, mama yake anamwita mchawi kwa sababu ya neno huenda.

Sasa nikueleze kilichonipata, maana siku ile hukukiona. Baba yako alikuwa mrina asali, na alizizoea hatari za kazi yake kama wengine wanavyozoea baiskeli mbovu. Alitundika mizinga yake kule msituni upande wa Igalula, akapanda miti mirefu maisha yake yote, na mninga uliomuua alikuwa ameupanda mara nyingi. Walioandamana naye walisema alikanyaga tawi lililooza ilhali pembeni yake kulikuwa na jingine, zima kabisa. Wewe ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Mimi tangu siku ile nilikuwa naishi juu ya lile tawi jingine. Nikipika, nilipika na laiti. Nikisali rozari, katikati ya Salamu Maria nilimwona anahamisha mguu, anakanyaga pazuri, anateremka na ndoo yake anaimba. Sikumwambia padri wala rafiki. Na hapo wewe, mwanangu, ukaja kuniambia kwamba yale niliyokuwa nayaota kwa siri kuna watu wasomi wanaoyafanyia hesabu.

Kwa hiyo sikuogopa kwa ajili ya Mungu, ingawa ndivyo nilivyojidai. Niliogopa kwa sababu niliutamani ulimwengu huo hata nikaona ningeacha kila kitu, na wewe ukiwemo, niufuate.

Mtu mwingine angelia akanyamaza. Mimi nikaenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya Misa. Nilidhani nia yangu itasemwa kwa ufupi kama za wengine, kuombea afya, kuombea safari, kuombea marehemu babu. Lakini niliandika maneno yangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na Dominika ile msomaji akayasoma yote bila kuruka hata nukta: Mama Kalunde anamwombea binti yake Kalunde Mihayo, aliyepotoshwa na elimu inayomkana Mungu, ili arudi. Ulikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, umevaa sare. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Ulisimama wima, ukaimba Utukufu mpaka mwisho, na baada ya Misa ukakunja sare ile ukairudisha kwa mwalimu wa kwaya.

Ningeweza kusema mabaya yaliishia hapo, lakini nani ataizuia jumuiya? Jumatano walikuja, wanawake wa jumuiya yetu wote, na rozari zao. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, wamebeba unga, sukari na kuni, kama wanavyokwenda kwenye msiba. Mama Zuhura, jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta akashika mdomo.

"Mama Kalunde, poleni jamani. Kafa nani?"

"Hajafa mtu, shoga."

"Hajafa mtu, na unga huo?"

Nawe ukatoka jikoni na birika, umejifunga kanga kiunoni, ukapiga magoti kwa kila mtu mzima. "Shikamoo mama. Shikamoo bibi. Karibuni sana. Mimi ndiye niliyepotea. Nikuwekee chai ya rangi au ya maziwa?" Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi mmoja akakujibu marahaba, ya maziwa, na sukari nyingi, kisha akakuombea kwa sauti kubwa ukiwa umemshikia kikombe. Leo nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Siku ile nilijifungia chumbani nikasema kichwa kinaniuma.

Baada ya hapo tuliishi humu ndani kama wapangaji wawili. Shikamoo mama, marahaba, chakula kipo, asante. Hukunivunjia heshima hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Barua ya chuo ikaja, ukanionyesha kwa mikono miwili, nikasema hongera kama karani. Mama Zuhura ndiye aliyenitoa usingizini. Alikuja kuchukua asali aliyoniagiza, akanikalisha.

"Hebu nielewe, maana mie si wa dini yenu," akasema. "Mtoto kasema Mungu huenda kaumba vingi kuliko tunavyoviona. Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Na kosa liko wapi hapo? Kwetu sie kila tukiswali tunamsifu Mola wa viumbe vyote, tunaowajua na tusiowajua. Angesema kaumba kichache ndio ningeshtuka."

Nilimjibu kwamba mambo ya imani yetu yana wataalamu wake. "Haya, nenda kawaulize," akasema, "maana hapa unamwadhibu mtoto kwa kesi ambayo hujampelekea hakimu." Basi nikaenda seminari ya Kipalapala. Nilichukua ndoo ndogo ya asali nikamtafuta padri mzee mmoja, mwalimu, ambaye baba yako alikuwa akimpelekea asali zamani. Usidhani nilikwenda kujifunza. Nilikwenda kuchukua maneno mazito ya kukurudishia nyumbani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye kiti cha kamba, anaionja asali kwa kidole kama mtoto. Kisha akaniuliza, "Mama, kila Dominika unasali kwamba Mungu ni Muumba wa vitu vinavyoonekana na vipi tena?"

"Na visivyoonekana, baba."

"Orodha yake umeiona?"

Akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha. Zamani sana huko Ulaya kulikuwa na walimu waliosema Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Askofu akawakemea. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Askofu aliwakemea waliosema hawezi! Si kwamba alisema malimwengu hayo yapo. Alisema tu kwamba hakuna mwanadamu wa kumwekea Mungu mpaka wa kazi yake. Nami, Kalunde, niliyekuandikia nia ya Misa, nilikuwa upande wa waliokemewa.

Nikamtolea swali la yule mtoto aliyegoma kula. Nami nikampenda kwa kutojibu haraka. "Kristo alikufa mara moja, na inatosha. Hilo nalishika kwa mikono yote miwili," akasema. "Kama kuna viumbe kwingine, na kama nao walianguka dhambini, sijui. Aliyewaumba anajua njia ya kuwafikia. Mimi sijapewa parokia ya huko." Nikamuuliza, na hao wanaosema malimwengu yakiwa mengi Muumba hahitajiki? Akacheka. "Mtu akikuta mzinga mmoja anauliza nani kautundika. Akikuta msitu mzima una mizinga, ataacha kuuliza?"

Kisha nikamwambia lile jingine, la tawi. Nadhani hilo ndilo lililonipeleka hasa. Nikamwambia, kama kila linalowezekana hutokea mahali fulani, basi kuna mimi niliyemsamehe mwanangu na mimi niliyekataa, na kuna mume wangu Mihayo mzima na Mihayo maiti; sasa kutenda kwangu kuna maana gani? Akafuta kidole. "Mama, kwanza hiyo ni dhana, hata wenyewe hawajaithibitisha. Pili, hata ikiwa kweli, wewe umepewa huu. Utaulizwa habari za huu. Na katika huu, una binti ambaye ulimsomea nia kama mtu anayengoja kunyongwa."

Nilirudi nimekaa nyuma ya pikipiki, upepo unanipiga usoni, na nakwambia nilikuwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Dereva akaniuliza kama nimetoka harusini.

Jikoni nilikuambia, nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningelia. "Kalunde, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nampimia Mungu kiwanja." Ukaniangalia, ukafuta mikono, na ulichosema kimenifanya nikuheshimu.

"Mama, mimi mwenyewe sijui kama malimwengu hayo yapo. Hakuna aliyeyaona. Ni hesabu tu, na huenda hesabu hizo hazifiki popote. Nilisema lile la baba kwa sababu nilimkumbuka."

"Kumbe hujui?"

"Sijui."

"Kwa hiyo nimekuaibisha kanisa zima kwa kitu ambacho hata wewe hukijui!"

Tulicheka mpaka maharage yakaungua, tukayala hivyo hivyo. Mama Zuhura akapiga kelele kutoka kwake, "Haya, leo kafufuka nani humo?"

Nimekusimulia unayoyajua ili uyaone kutoka upande wangu, na kwa sababu huko uendako utakutana na watu kama mimi, wa pande zote mbili. Wapo wasomi watakaokuambia kwamba mtu anayefikiri vizuri haendi kanisani. Wapo watu wa sala watakaokuambia darubini ni jicho la shetani. Usiwachukie. Nimekuwa mmoja wao, na najua kwamba mara nyingi mtu anayefoka juu ya Mungu na nyota ana kaburi moyoni mwake ambalo hajalisema. Mkaribishe chai, kama ulivyofanya. Ukiweza, muulize polepole nani kamfia.

Na usijifanye unajua usichokijua ili kunifurahisha mimi au kuwafurahisha wao. Babu wa baba yako alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa njia ile ile ambayo reli yako inaifuata. Aliporudi kijijini akasema ameona maji yasiyo na ng'ambo, watu wakasema amelogwa njiani. Baba yako alipenda sana kuisimulia hadithi hiyo, na kila mara alimalizia kwamba mzee hakugombana nao. Alisema tu, mimi nimefika ufukweni, zaidi ya pale sijui. Nami nakutakia uwe na ulimi wa namna hiyo.

Sasa lipo la jana. Tulikuwa tunachuja asali ya kumpelekea mjomba wako Dar es Salaam, umeshika kitambaa, mimi namimina. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Mama, kungekuwa na mlango, ungeenda kule ambako baba hakuanguka?" Nikasema nawasikia kuku wametoka bandani, nikaenda nje. Unajua vizuri kwamba kuku wote walikuwa ndani. Nilisimama nyuma ya banda nimeshika ukuta, kwa sababu jibu lililonijia kwanza lilikuwa ndiyo, tena mbio, bila viatu.

Nimelifikiria tangu hapo. Nimejiona nafungua mlango huo, naingia. Ni hapa hapa nyumbani. Mihayo amekaa kibarazani, mzima, anatoboa mzinga mpya. Na jikoni yuko mwanamke mwenye sura yangu, anaimba vibaya kama mimi, anampikia. Nimwambie nini huyo? Asogee? Mume ni wake. Tena yuko Kalunde wa kule, amekaa na mama yake. Mimi ningekuwa mgeni asiye na mwenyeji.

Halafu nikamwangalia vizuri yule mwanaume. Unakumbuka siku yake ya mwisho pale wodini, walikomleta kutoka msituni? Wewe walikuzuia mlangoni, kwa hiyo sikuwahi kukuambia neno lake la mwisho. Watu huuliza, na mimi huwa nawaambia alisali. Hakusali. Nilimnywesha uji, akameza kidogo, akanikazia macho akasema, "Mke wangu, hata leo umesahau sukari?" Nikamwambia sikusahau, imekwisha. Akatabasamu upande mmoja, na baadaye kidogo akaondoka. Yule wa kule, mzima wa afya, hajawahi kuuonja uji ule. Hajui nilivyomfumba macho. Anafanana na mume wangu, lakini mume wangu ni huyu aliyelalamikia sukari, na huyu amelala katika ardhi ya ulimwengu huu.

Miaka yote nimewakaririsha watoto kwamba tunasadiki ufufuko wa miili, nikigonga ubao kwa fimbo. Sasa ndiyo nimeelewa ninachokisadiki. Sikuahidiwa mfano wake. Nimeahidiwa yeye mwenyewe, aitwe kwa jina lake, aamke. Na siku hiyo akiamka akaniulizia, aambiwe nini? Kwamba mkeo alichoka kungoja, akavuka mlango kwenda kwa mwanaume anayefanana nawe? Yule Mnyamwezi kwa wivu wake asingenisemesha milele yote. Najua, najua, Bwana alisema huko hawaoi wala hawaolewi, usinifundishe katekisimu. Sidai harusi. Nataka anione, anitambue, aseme tena habari ya sukari.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, nisingekwenda. Nilipolipata niliketi pale pale juu ya gogo la kupasulia kuni, nikavuta pumzi ambayo nadhani niliizuia tangu mazishi.

Nenda kayatafute malimwengu yako, kwa amani, na mama yako amekubariki. Ukiyakuta, yatakuwa ya Mungu. Usipoyakuta, hujanipunguzia kitu. Nakusikia sasa hivi nje, unacheka na Mama Zuhura, na kanga yangu bila shaka imeshaingia vumbi. Nafunga upesi kabla hujaingia.

Ni mimi, mama yako,
na mke wa baba yako.